SOMO LA KUMI NA NNE: BUSTANI NA KUKU NYUMBANI

Simama barabarani Igogo, katika jiji la Mwanza, utazame mlimani. Utaona mawe makubwa ya itale yamelala moja juu ya jingine, na nyumba zimejengwa katikati yake. Ukigeuka utaona maji ya Ziwa Victoria. Kati ya mlima na ziwa wanaishi watu wengi, na viwanja vyao ni vidogo. Udongo ni haba, na mahali pengi una changarawe.

Je, mtu anayeishi mahali kama hapa anaweza kupata mboga na mayai nyumbani kwake? Anaweza, lakini ni lazima ajue mambo mawili. La kwanza ni namna ya kuuzuia udongo usichukuliwe na maji. La pili ni namna ya kuurudishia udongo chakula ambacho mimea imekitoa. Katika somo hili utajifunza mambo hayo. Kama huishi Igogo, somo hili ni lako pia, kwa sababu mimea na kuku hufuata kanuni zilezile kila mahali.

1. Udongo huenda wapi?

Mwanza hupata mvua za vuli kati ya Oktoba na Desemba, na mvua za masika kati ya Machi na Mei. Siku ya mvua kubwa, tazama maji yanayoteremka kutoka mlimani. Yana rangi gani? Rangi hiyo imetoka wapi? Fanya jaribio hili upate jibu.

Jaribio la 1

Vifaa: chupa mbili kubwa za plastiki, udongo, majani makavu, makopo mawili na lita moja ya maji.

Fanya hivi:
(a) Mwombe mwalimu akate upande mmoja wa kila chupa, ili chupa ikilazwa iwe kama mtumbwi mdogo.
(b) Tia udongo katika chupa zote mbili na kuushindilia kidogo. Udongo uwe sawa kwa kiasi.
(c) Chupa A iache na udongo wazi. Katika chupa B, funika udongo kwa majani makavu.
(d) Laza chupa zote mbili juu ya jiwe ili ziiname, midomo ikielekea chini. Weka kopo chini ya kila mdomo.
(e) Mimina nusu lita ya maji polepole juu ya udongo wa kila chupa.

Linganisha maji yaliyoingia katika makopo mawili. Maji ya chupa A ni machafu zaidi, kwa kuwa yamebeba udongo mwingi. Maji ya chupa B ni safi zaidi. Majani yalipunguza nguvu ya matone, na maji yakapata nafasi ya kuzama ardhini polepole.

Tabaka la juu la udongo ndilo lenye chakula kingi cha mimea. Tabaka hilo ndilo linalochukuliwa kwanza na maji. Chakula hicho hakipotei. Huhamia mahali pengine. Kikiwa bustanini hukuza mchicha. Kikifika ziwani hukuza mimea ya majini, kama vile gugu maji. Gugu maji lilitoka Amerika ya Kusini, na lilionekana katika Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mizizi yake haishiki ardhi. Huning'inia majini na kufyonza chakula kilichomo. Likizidi, huziba njia za mitumbwi na kuwazuia wavuvi. Kwa hiyo mtu anayezuia udongo wa kiwanja chake usiteremke hufanya kazi mbili: hulisha jamaa yake na hulilinda ziwa.

2. Wakara na mashamba yao

Kaskazini ya kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa hilihili, kipo kisiwa kidogo kiitwacho Ukara. Watu wake huitwa Wakara. Udongo wa Ukara ni wa kichanga, nao umetokana na mawe ya itale kama yale ya Mwanza. Tangu zamani watu walikuwa wengi na ardhi ilikuwa ndogo. Shamba lilipochoka, Mkara hakuwa na mahali pengine pa kuhamia. Ilimbidi alitunze shamba lake.

Wakara walifanya nini? Waliwafunga ng'ombe ndani, wakawakatia majani na kuwaletea. Samadi yote waliikusanya na kuipeleka shambani. Penye mteremko walijenga kingo za mawe ili udongo usiondoke. Tena walipanda marejea katika mashamba ya uwele, kisha wakaifukia udongoni ingali mbichi. Marejea ni mmea wa jamii ya kunde. Katika vinundu vya mizizi yake huishi bakteria wanaochukua naitrojeni kutoka hewani. Marejea inapooza, naitrojeni hiyo hubaki udongoni na kutumiwa na mimea mingine.

Kwa njia hiyo Wakara waliweza kulima mashamba yaleyale mwaka hadi mwaka. Kanuni yao ni rahisi: kinachotoka udongoni kirudishwe udongoni. Sasa tutaitumia kanuni hiyo katika kiwanja kidogo, na badala ya ng'ombe tutafuga kuku.

3. Kuku na mboga husaidiana

Kuku hana meno. Chakula akimezacho hukaa kwanza katika gole, kisha hufika katika firigisi. Firigisi ina misuli yenye nguvu, na ndani yake mna vijiwe alivyovidonoa kuku. Vijiwe hivyo husaga punje kama mawe ya kusagia. Ndiyo sababu kuku hudonoa changarawe. Usimzuie, maana bila vijiwe hawezi kusaga nafaka vizuri.

Tazama kinyesi cha kuku. Kina sehemu nyeusi au ya kahawia, na sehemu nyeupe. Ile nyeupe ni mkojo. Kuku hakojoi peke yake kama ng'ombe au mbuzi. Mkojo wake hutoka pamoja na kinyesi. Mkojo huo una naitrojeni nyingi, na naitrojeni ndiyo inayoyafanya majani ya mimea yakue na kuwa ya kijani. Kwa hiyo kinyesi cha kuku ni mbolea yenye nguvu kuliko samadi ya ng'ombe.

Fuata safari ya chakula nyumbani. Mboga hutoka bustanini na kuingia jikoni. Majani yaliyozeeka na mabaki ya ugali hupewa kuku. Kuku hutaga mayai na kutoa kinyesi. Kinyesi huchanganywa na takataka za mimea kikawa mboji. Mboji hurudi bustanini, na mboga huota tena. Kilimo kinachotumia njia hii, bila mbolea za chumvichumvi wala sumu za dukani, huitwa kilimo hai.

4. Kutengeneza mboji

Usitie kinyesi kibichi cha kuku moja kwa moja kwenye mimea. Nguvu yake huunguza mizizi, tena kinaweza kuwa na vijidudu vya magonjwa. Kioze kwanza katika lundo la mboji. Fuata hatua hizi:

(a) Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na mfereji wa maji ya mvua. Pima mraba wenye upande wa meta 1.
(b) Tandika vijiti chini ili hewa ipite.
(c) Weka majani makavu, unene wa sentimeta 15.
(d) Juu yake weka majani mabichi na maganda ya matunda au ya mboga, unene wa sentimeta 10.
(e) Kisha weka kinyesi cha kuku pamoja na matandiko ya banda, unene wa sentimeta 5. Nyunyiza udongo kidogo juu yake.
(f) Mwagia maji kiasi cha kulowanisha tu.
(g) Rudia tabaka hizo mpaka lundo lifike kimo cha meta 1. Funika kwa majani ya mgomba, na chomeka kijiti kirefu katikati.

Usitie nyama, mifupa wala mabaki ya samaki, kwa sababu huvuta panya na mbwa.

Baada ya siku tano, chomoa kijiti na ukiguse. Ni cha moto. Joto limetoka wapi? Katika lundo wamo bakteria na kuvu wengi mno. Wanapokula takataka na kupumua, hutoa joto. Joto hilo huua vijidudu vingi vya magonjwa na mbegu za magugu. Ikiwa kijiti ni baridi na kikavu, ongeza maji. Ikiwa lundo linanuka vibaya, limekosa hewa. Ligeuze na uongeze majani makavu.

Geuza lundo baada ya majuma matatu, ili yaliyokuwa nje yaingie ndani, kisha uligeuze tena baada ya muda kama huo. Baada ya miezi miwili au mitatu mboji huwa tayari. Utaitambua kwa rangi yake nyeusi na harufu yake, ambayo ni kama ya udongo uliolowa mvua.

Jaribio la 2

Chukua makopo matatu yaliyotobolewa chini. Kopo A tia udongo mtupu. Kopo B tia udongo uliochanganywa na mboji iliyoiva, vipimo viwili vya udongo kwa kipimo kimoja cha mboji. Kopo C tia udongo na kinyesi kibichi cha kuku kwa vipimo hivyohivyo. Tumia koleo au kijiti, na unawe mikono kwa sabuni ukimaliza. Panda miche mitatu ya mchicha katika kila kopo. Yaweke yote mahali pamoja na uyanyweshe maji sawa.

Kwa siku 21, pima urefu wa miche kila baada ya siku tatu. Andika vipimo vyako katika jedwali. Miche ya kopo gani imestawi? Miche ya kopo C imekuwaje? Kwa nini tuliweka kopo A, ingawa hatukutia mbolea yoyote ndani yake?

5. Bustani mahali penye mawe

Ikiwa kiwanja chenu kina mteremko, jengeni ukingo wa mawe kukata mteremko huo, wala si kuufuata. Jazeni udongo na mboji nyuma ya ukingo, mpate kitalu kilicho sawa kama kipandio cha ngazi. Maji ya mvua yakifika hapo hutulia na kuzama.

Ikiwa hakuna nafasi hata ya kitalu, tumieni gunia. Changanyeni udongo na mboji. Simamisheni gunia, na katikati yake wekeni kopo kubwa lisilo na kitako wala kifuniko. Jazeni mawe madogo ndani ya kopo, na udongo kulizunguka. Kisha vuteni kopo juu, mjaze tena mawe na udongo, mpaka gunia lijae. Nguzo ya mawe iliyobaki katikati hupitisha maji hadi chini. Pandeni mboga juu ya gunia, na pembeni toboeni matundu madogo mpande miche humo. Sukuma wiki, mchicha na matembele hustawi vizuri katika gunia.

Mchicha huweza kuvunwa majuma matatu au manne baada ya kupandwa. Mgagani na kunde pia ni mboga nzuri, na kunde, kama marejea, huongeza naitrojeni udongoni. Funikeni udongo kwa majani makavu, kama ulivyofanya katika chupa B. Wakati wa kiangazi mwagilieni asubuhi au jioni, kwa sababu mchana jua hukausha maji kabla hayajafika mizizini. Maji yaliyooshea mchele au mboga yanafaa kumwagilia. Usiingie ziwani kuchota maji ya bustani, kwa kuwa penye konokono wa kichocho unaweza kuambukizwa ugonjwa huo kupitia ngozi.

Ukiona viwavi juu ya mboga, waokote kwa mkono uwape kuku. Vidukari uwaoshe kwa maji yenye sabuni kidogo. Lakini usiwafungulie kuku bustanini, maana hawachagui. Watakula viwavi, kisha watakula na mboga, na kuifukua miche.

6. Kuwatunza kuku

Kuku wanaozurura huangukia mikononi mwa wezi, huliwa na wanyama, huleta ugomvi na majirani, na kinyesi chao hupotea. Kwa hiyo wajengeeni banda. Katika kila meta moja ya mraba wasikae kuku wakubwa zaidi ya watano. Banda liwe na paa lisilovuja, na ukuta mmoja uwe wa wavu ili hewa ipite. Wekeni fito za kulalia na viota vyenye majani makavu. Sakafuni tandikeni mapumba ya mpunga au maranda ya mbao. Matandiko hayo hufyonza unyevu wa kinyesi. Yakilowana, yatoeni na kuyapeleka kwenye mboji.

Kuku huhitaji chakula cha namna mbalimbali. Mahindi na pumba humtia nguvu. Dagaa wa ziwani waliosagwa, mashudu ya alizeti na mchwa hujenga mwili wake. Majani mabichi humlinda na magonjwa. Maganda ya mayai yaliyokaushwa motoni na kupondwapondwa humpa madini ya kutengenezea maganda ya mayai mapya. Maji safi yawepo siku zote.

Mtetea hutamia mayai siku 21. Yai lenye mbegu ya jogoo ndilo linaloanguliwa. Yai la kuliwa hutagwa hata kama hakuna jogoo.

7. Ugonjwa wa kideri

Hakuna ugonjwa unaowatia hasara wafugaji wa kuku vijijini na mijini kama kideri. Huitwa pia mdondo. Katika lugha nyingi umepewa jina la mji wa Newcastle, nchini Uingereza, ambako ulionekana kati ya mwaka 1926 na 1927. Ugonjwa huu huletwa na kirusi. Kuku mgonjwa hujikunyata, hukoroma, huharisha kinyesi cha kijani, na mara nyingine shingo yake hupinda au miguu yake hupooza. Kundi lisilochanjwa linaweza kufa karibu lote kwa siku chache.

Kideri hakina dawa ya kuponya, bali kina chanjo. Hapa Tanzania hutengenezwa chanjo inayostahimili joto, iitwayo I-2. Inatengenezwa na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania. Kila kuku hutiwa tone moja katika jicho moja, na chanjo hurudiwa kila baada ya miezi mitatu. Ingawa inastahimili joto kuliko chanjo nyingine za kideri, isiachwe juani.

Kumbuka kwamba chanjo hutolewa kwa kuku wazima. Huufundisha mwili kupigana na kirusi kabla hakijaingia. Kuku aliyekwisha kuugua haponi kwa chanjo. Tena, haifai mtu mmoja achanje na jirani yake aache, maana kirusi huhama pamoja na kuku, viatu, vyombo na manyoya. Waulizeni wataalamu wa mifugo wa kata yenu siku ya kuchanja, mkachanje pamoja na majirani.

Kuku akifa kwa ugonjwa, asiliwe, asiuzwe, asitupwe ziwani wala asiwekwe katika mboji. Mtu mzima amchome moto au amzike katika shimo refu.

8. Usafi

Nawa mikono kwa sabuni kila umalizapo kuhudumia kuku au kushika mboji. Osha mboga kwa maji safi kabla ya kuzipika. Pika mayai mpaka yaive. Usilale chumba kimoja na kuku, na usile chakula ukiwa bandani.

Mambo ya kukumbuka

1. Tabaka la juu la udongo ndilo lenye chakula kingi cha mimea, na ndilo linalochukuliwa kwanza na maji.
2. Mawe, majani makavu na mimea huuzuia udongo usiondoke.
3. Kinyesi cha kuku ni mbolea nzuri baada ya kuoza katika mboji.
4. Kideri huzuiwa kwa chanjo kila baada ya miezi mitatu.
5. Kinachotoka udongoni kirudishwe udongoni.

Mazoezi

1. Kwa nini maji ya chupa B yalikuwa safi kuliko ya chupa A?
2. Eleza namna chakula cha mimea kilichotoka mlimani kinavyoweza kukuza gugu maji.
3. Taja mambo matatu waliyofanya Wakara ili mashamba yao yasichoke.
4. Sehemu nyeupe ya kinyesi cha kuku ni kitu gani? Ina faida gani kwa mimea?
5. Lundo la mboji la jirani yako ni baridi na kavu. Utamshauri afanye nini?
6. Jamaa moja ina kuku 8. Kila kuku hutiwa tone moja la chanjo kila baada ya miezi mitatu. Matone mangapi yatahitajika kwa mwaka?
7. Chora picha inayoonyesha safari ya chakula kutoka bustanini hadi jikoni, bandani, katika mboji, na kurudi bustanini. Tumia mishale.
8. Kazi ya nyumbani: Tazama kiwanja chenu au cha shule wakati wa mvua. Maji yanapita wapi? Chora ramani ndogo, na uonyeshe mahali ambapo ukingo wa mawe ungefaa kujengwa. Ilete darasani mjadiliane.